Bartolomayo Alifika Getini

Naweka dau la pikipiki yangu, hii hii nyekundu mnayoijua, kwamba hakuna mtu ataamini ninachotaka kusema. Ukiamini, njoo stendi ya Bahi, uliza Nurdini, chukua funguo uondoke zako. Nimeshawaambia abiria wengi, na wote wanashuka wanacheka, "Nurdini, leo umezidi." Kwa sababu ninachosema ni hiki: Bartolomayo alinidanganya. Mimi. Nurdini.

Kama hutoki huku, huoni ajabu iko wapi. Ngoja nikueleze watu wenyewe.

Mimi ni Mrangi wa Busi, Kondoa. Shule niliiacha darasa la tano, si kwa ujinga, shule ndiyo ilishindwa kunivumilia. Nimeendesha bodaboda Bahi miaka mingi na hakuna njia ya tope, ya mchanga wala ya mbuzi ambayo sijaipita. Kwa maneno ndiyo usiseme. Nimewahi kumdanganya trafiki mpaka akaniomba msamaha. Wafanyabiashara wa mpunga wanatoka mjini na mizani zao zilizochezewa, nikiwaangalia tu usoni wanaanza kurekebisha wenyewe. Mtu wa kunidanganya mimi, nilikuwa nasema, mama yake bado hajapata mimba.

Bartolomayo sasa. Bartolomayo ni Mgogo wa hapo hapo Bahi, mrefu kama nguzo ya umeme, ana majaruba yake ya mpunga upande wa mbuga, ana mbuzi, na mwaka wa mvua nyingi anavua kambare. Kanisani anaimba besi. Maneno yake machache, na yote ya kweli, na hapo ndipo penye matatizo. Yule bwana hajui uongo. Simsifu. Namlaumu. Siku moja nilimletea mteja wa mbuzi kutoka Dodoma, mteja amemkagua mbuzi, amemkubali, mkono uko mfukoni. Bartolomayo akamwambia, "Lakini huyu anakula nguo. Amekula shuka la mke wangu." Mteja akatoa mkono mfukoni. Nikamwambia, "We Mgogo, nani amekuuliza?" Akasema, "Shuka lilikuwa jipya."

Siku nyingine mwinjilisti aliuliza kanisani kwa utani, nani alisinzia wakati wa mahubiri. Kanisa zima kimya, jitu moja refu likanyoosha mkono.

Hata tulivyojuana ilikuwa hivyo hivyo. Mwaka wangu wa kwanza Bahi, masika, pikipiki ilizama kwenye tope mpaka magurudumu hayaonekani. Watu wamesimama wananishangilia. Akaja huyu mrefu, akavua kandambili, akainyanyua kwa nyuma kama ananyanyua ndama, akaiweka pakavu. Akaizunguka, akaiangalia. Akasema, "Pikipiki nzuri. Dereva mbaya."

Nikamuuliza, "Kabila gani wewe?"

"Mgogo. Na wewe?"

"Mrangi."

"Basi ndiyo maana. Nyie mmezoea vilima, mkiona tambarare mnachanganyikiwa."

Tangu siku hiyo tukawa watani, maana Warangi na Wagogo huku ndivyo tulivyo, mtu anakutukana umecheka. Nikipita kwake napiga honi, namwita kwa salamu yao ya Kigogo, "Mbukwenyi, mla mlenda!" Na yeye ndani anajibu, "Pita, mpanda vilima, leo hatujapika." Hakuniita Nurdini hata siku moja. Ilikuwa mtani, mtani tu. Mkewe Yudith naye, mtani. Yudith ni mwenyeji wa Buigiri, mwanamke mchangamfu, anacheka amefunika mdomo na kiganja, kwa hiyo hujui kama amecheka au amepiga chafya.

Wana vijana wawili wakubwa, wameshaondoka kutafuta maisha. Halafu kikapita kimya kirefu, wakajua wamemaliza, akaja Erica.

Erica alikuwa wangu. Baba yake alimzaa, mimi nilimdekeza. Nilimfundisha kupiga honi kabla hajajua kusema "maji". Jioni nikirudi kazini napitia kwao, yeye anakimbia kusimama mbele ya pikipiki, ananiamrisha, "Washa!" Nawasha taa, anaikodolea macho, mimi najifanya nimeogopa, naanguka chini na helmeti. Kila jioni. Na kila jioni anacheka kama vile sijawahi kuanguka.

Ndiyo taa hiyo iliyoonyesha. Erica alikuwa anakaribia miaka mitatu. Nikawasha, jicho la kulia likawa la kawaida, la kushoto likanirudishia mwanga. Jeupe, kama la paka. Nikadhani ni mimi. Nikazima, nikawasha. Jeupe vile vile. Nikasema, "Bartolomayo, umezaa gari, njoo uone!" Wakaja wakaona, tukacheka wote. Pale pale nikampa jina: Taa Moja. Akalipenda, ukimuuliza jina lako nani anasema, "Taa Moja wa Bartolomayo."

Baadaye walikuja watu wa macho zahanati, wale wa hospitali ya Dodoma wanaopita kupima trakoma. Huku kwetu na vumbi hili na nzi hawa, jicho likiuma ni trakoma, likiwasha ni trakoma, mtu akikuangalia vibaya ni trakoma. Yudith akampeleka Erica. Nesi mmoja, Ruthu, akammulika na kitochi. Akammulika tena. Akasema, "Huyu si trakoma. Huyu kesho kutwa mumlete Dodoma hospitali."

Niliwapeleka mimi. Bartolomayo nyuma, Yudith katikati, Erica mbele kwenye tenki anapiga honi. Trafiki ninamjua, usiniulize.

Hospitali tulizungushwa vyumba, matone, mashine, giza, mwanga. Mwisho daktari akaja na nesi Ruthu, wakakaa na sisi. Daktari alisema ni kansa, iko ndani ya jicho. Yudith akasema, "Kansa ya mtoto?" Maana sisi kansa tulijua ya wazee. Daktari akasema ipo, inawapata hata wachanga. Lakini mmewahi, akasema. Bado haijatoka nje ya jicho. Likitolewa jicho, mtoto anapona, anakua, atakuja kuwacheka nyie mkiwa wazee. Lisipotolewa, inapita nyuma inaingia kichwani, na ikiingia huko hatuna la kufanya.

Maneno hayo niliyasikia kwa masikio yangu. Kwa hiyo asije mtu akaniambia hawakuelezwa.

Bartolomayo akauliza, "Jicho moja linatosha kuona mpunga?"

Daktari akasema, "Linatosha hata kusoma chuo kikuu."

"Basi toeni."

Wakapewa siku ya kurudi kulazwa. Daktari akatoka na Ruthu akaenda kuchukua makaratasi, tukabaki kwenye benchi. Erica amelala begani kwa baba yake. Yudith akaniegemea, akaninong'oneza, "Mtani, likishatolewa linawekwa wapi?"

Sasa mimi hospitali ile naijua. Nilishawahi kupeleka mizigo pale, nimepita mpaka nyuma. Nikamwambia, "Si wanachoma kule nyuma, pamoja na mabandeji na sindano. Ule moshi mweusi unaonekana kutoka getini, ndio huo. Ulitaka upewe ukaliweke kabatini?"

Akafunika mdomo na kiganja. Nikajua kacheka.

Siku ya kulazwa ikafika, Yudith akasema yeye haendi. "Siwezi kukaa pale naona mwanangu anang'olewa jicho. Aende baba yake." Hakuna aliyemshangaa. Mimi ndiye niliyewabeba Bartolomayo na Erica kwenda kupanda basi. Nilimpa Erica helmeti yangu aishike mpaka basi lije. Nikamwambia, "Taa Moja, ukirudi utakuwa Taa Moja kweli." Bartolomayo hakucheka. Nikasema ni hofu, mtu anampeleka mtoto kwenye kisu, acheke nini.

Walikaa huko kama wiki. Waliporudi nilikuwa wa kwanza kuwaona wanashuka kwenye basi. Namuangalia Erica usoni. Macho yote mawili yapo. Hana bandeji. Anakula ndizi.

Nikasema, "Mtani, vipi?"

Bartolomayo akasema, na alisema ananiangalia usoni, hilo ndilo siwezi kulisahau: "Wamepima upya. Wamesema halihitaji kutolewa. Wametupa dawa ya matone."

Akatoa kichupa mfukoni, akanionyesha.

Kama angeniambia mtu mwingine yeyote Bahi, ningekishika kile kichupa. Ningekisoma, darasa la tano nilisoma, herufi nazijua. Ningemuuliza, daktari gani, chumba gani, alikuwa amevaa nini. Mimi ndiye ninayewahoji watu mpaka wanasahau majina yao. Lakini aliyesema ni Bartolomayo. Mtu aliyekosa kuuza mbuzi kwa sababu ya shuka.

Nilipiga yowe, stendi yote ikageuka. Nilimpandisha Erica kwenye tenki, nikazunguka Bahi nzima napiga honi, na yeye anapiga, hatusikilizani. Nilisimama kwa wauza samaki, nilisimama kilabuni, nilisimama msikitini na kanisani, hakuna Mungu aliyekosa taarifa. "Mtoto amepona! Hatolewi jicho! Matone tu!" Jioni nikachinja jogoo wangu mwenyewe. Na kwa jinsi nilivyo, habari haikukaa hivyo hivyo. Kila nikiisimulia naongeza. Mpaka mwisho wa wiki nilikuwa nasema daktari aligonga meza akasema, "Huyu mtoto ni wa ajabu, mpelekeni nyumbani!" Nilimuona daktari huyo kabisa, hadi kipara chake.

Ukapita mpunga, ukaja ukame kidogo, Erica akaanza kukaa ndani. Jicho likaanza kuwa jekundu, halafu likawa kama linasukumwa kutoka ndani. Nikamuuliza Bartolomayo. Akasema, "Dawa inafanya kazi, inatoa uchafu." Nikaamini tena! Nikawa nawaambia watu, dawa inatoa uchafu.

Halafu wale watu wa macho wakarudi zahanati. Nimempeleka bibi mmoja pale, nimekaa kwenye pikipiki namsubiri, nikasikia, "Nurdini." Nesi Ruthu.

"Shikamoo sista," nikamtania, maana namzidi umri.

Hakunijibu utani. "Yule mtoto wenu wa jicho, mbona hamkumleta?"

"Sista, wewe ndiye unanitania sasa. Si mlimpima upya mkampa matone?"

"Matone gani?"

"Baba yake alikuja naye."

"Nurdini, hakuja mtu. Kitanda kilimsubiri. Tulipiga simu, haikupatikana."

Nilicheka. Kweli nilicheka. Nikamwambia, sista, humjui Bartolomayo. Yule hana uwezo huo, hakuumbiwa. Angalia tena, labda mlikuwa mmeandika jina vibaya. Akawa ananiangalia tu. Na mimi nikaona nimemuacha bibi wa watu zahanati, nimewasha pikipiki, nakwenda majarubani.

Bartolomayo alikuwa anafukuza ndege kwenye mpunga uliochelewa, ana kopo lenye mawe, analitikisa. Aliniona naingia na viatu kwenye maji. Akaacha kutikisa.

"Mlienda wapi?" nikamuuliza.

Hakuuliza lini.

"Buigiri," akasema. "Kwa shangazi yake Yudith."

"Hospitali?"

"Nilifika getini."

"Getini! Halafu?"

"Nikaona moshi."

"Moshi gani wewe? Hospitali ilikuwa inaungua?"

"Nikaona moshi, mtani. Nikageuza."

Nilimshika shati. Namfikia kifuani tu, lakini nilimshika. "Kile kichupa?"

"Nilinunua duka la dawa. Ya macho mekundu."

"Umenifanya mimi nini? Mimi nimezunguka Bahi nzima! Nimechinja jogoo! Nimeongeza mpaka daktari mwenye kipara!"

Akasema polepole, "Kipara hukuambiwa na mimi."

Unaona mtu huyo? Amesema uongo mmoja katika maisha yake, mkubwa kama kilima cha kwetu, na bado ule mdogo wa kwangu anaukataa.

Nilimwambia nendeni hospitali sasa hivi, la sivyo nawaita polisi. Na walikwenda. Safari hii Yudith pia alikwenda, na mimi ndiye niliyewapeleka, na hakuna aliyepiga honi. Erica alikaa kwa mama yake amefunikwa khanga usoni, mwanga ulikuwa unamuumiza.

Ni daktari yule yule. Hakufoka. Ningependa angefoka. Alisema, imeshatoka. Imeingia kichwani. Akaeleza habari ya dawa za kufuata hospitali ya mbali, zingemsogeza kidogo, zisingemponya, na mtoto ameshachoka. Akatupa dawa ya maji ya kutuliza maumivu, akamwonyesha Yudith kipimo. Yudith alirudia kipimo kile kwa sauti mpaka daktari akamwambia basi mama, umeshika. Njiani kurudi akawa anakirudia bado.

Nilikuwa naenda kwao kila jioni, lakini Bartolomayo simsemeshi. Naingia, namsalimia Yudith, nakaa kwa Erica. Yudith nilimwonea huruma sana. Nilijisemea, mama wa watu amekaa nyumbani anamuombea mtoto apone kwenye kisu, mume yuko Buigiri anakula ugali wa uwele kwa shangazi. Sisi wawili, mimi na Yudith, ndio tuliouzwa. Hata nilimwambia siku moja, "Mtani, pole. Huyu jamaa ametuuza wote." Akafunika mdomo na kiganja, akatoka nje.

Jioni moja nilimsogezea Erica pikipiki karibu na mlango, nikadhani atafurahi. Nikamuuliza, "Taa Moja, niwashe?"

Akasema, "Usiwashe. Inauma."

Nikainyanyua kwa mikono, nikaisukuma mpaka barabarani bila kuiwasha.

Akafa wiki ile ile, mchana, mikononi mwa mama yake.

Sasa nieleze msiba, na hapa ndipo watu Bahi wananilaumu mpaka leo, na wanilaumu. Kwetu mtani kwenye msiba ana haki zake. Akifa mtu mzima, mtani anamwigiza marehemu, anavaa kofia yake, anakaa juu ya udongo wa kaburi anazuia lisifukiwe mpaka atolewe kwa kitu: kuku, togwa, chochote. Na hakasirikiwi. Ndiyo dawa ya msiba, watu wanalia na kucheka pamoja. Lakini msiba wa mtoto mdogo hauna utani. Huko mtani anakaa kimya na kulia kama wengine. Hilo kila mtu analijua, nami nalijua.

Wamemzika shambani kwao, nyuma ya zizi, kaburi dogo unaweza kuliruka. Mwinjilisti amemaliza, kwaya imemaliza, hakukuwa na besi. Wakamteremsha. Gerson, kaka yake mkubwa Bartolomayo, akachukua jembe aanze kufukia.

Nikamnyang'anya. Nikakaa juu ya udongo, nimelipakata jembe.

Watu wakaanza kunung'unika. Gerson akaniinamia, "Nurdini. Huyu ni mtoto. Haina utani hii."

"Sitanii."

"Basi toka."

"Mtani halipwi?" nikasema kwa sauti, nataka wote wasikie. "Leo sitaki kuku. Leo nalipwa neno. Bartolomayo, simama uwaambie watu ulikuwa wapi wiki ile. Waambie hawa niliowazungukia na honi. Mwambie mkeo, hapa hapa mbele ya mwanao, kwamba mtoto alikuwa anapona na wewe ukamgeuza getini!"

Bartolomayo alisimama. Mikono inaning'inia. Akafungua mdomo.

Yudith akasema, "Mtani, shuka."

Alikuwa amekaa chini na wanawake, wamemshika mabega. Akawatoa mikono, akainuka.

"Usimuulize yeye. Ni mimi niliyemwambia asiingie."

Nikasema, "Wewe ulikuwa hujui."

"Nilijua tangu siku ya kwanza. Nilimtuma. Nilimwambia nenda, ukifika getini angalia. Ukiona moshi, rudi na mwanangu."

"Moshi gani jamani, mbona mnanichanganya na moshi?"

"Si wewe ulinieleza?" Hakupandisha sauti. Ndiyo mbaya, angepandisha. "Nilikuuliza linawekwa wapi, ukasema linachomwa na mabandeji. Mimi nimezaa mtoto mzima. Nimzike nusu hapa, nusu iwe moshi wa takataka? Siku ya kufufuliwa atajitafuta wapi? Nikasema nitapambana kwa maombi na dawa ya duka, Mungu ataona."

Wanawake wakaanza kulia upya. Mimi nimeng'ang'ania neno moja tu. "Kwa nini mliniongopea mimi?"

Akajibu Bartolomayo, na hapo alirudi kuwa yule yule ninayemjua, maana ukweli ulitoka wote kama ulivyo, na shuka lake ndani. "Tungekuambia ungetubeba kwa nguvu utupeleke. Halafu ungetangaza. Yudith akasema, mdomo wa Nurdini hauzuiliki, bora umwambie tunachotaka kitangazwe. Ukimwambia wewe ataamini."

Basi. Nimekuambia watu hawaamini.

Nilishuka. Nilimpa Gerson jembe, akafukia. Nilibaki mpaka mwisho kwa sababu kuondoka kungekuwa aibu nyingine, halafu nikaenda nyumbani kwa miguu, nimeisahau pikipiki kwao. Aliileta Bartolomayo kesho yake, anaisukuma. Dereva mbaya, na yeye hajui hata kuiwasha. Akaiegesha. Akasema, "Pikipiki yako, Nurdini."

Nurdini. Si mtani.

Nimelifikiria jambo hili nikiwa barabarani, na barabara ya Bahi inakupa nafasi ya kufikiri. Najua walikuwa na uchungu. Najua mama ni mama. Lakini walikaa wawili, wakatafuta Bahi nzima chombo cha kubebea uongo wao, wakachagua mdomo wangu. Walinijua kabisa. Walijua mtu pekee ambaye singemhoji ni yeye, wakamtumia yeye. Kama wangemtuma Gerson, ningegundua kabla basi halijaondoka, na mtoto yule sasa hivi angekuwa na jicho moja, anaanza shule, ananipigia honi. Hilo silisamehe haraka. Watu wanasema Mrangi ana kinyongo. Ninacho, nimekiweka vizuri.

Bartolomayo yuko. Ukipita mbugani utamwona, huwezi kumkosa kwa urefu ule. Mbuzi bado anawauza kwa kuwasema vibaya. Kwaya amerudi mwaka jana. Nikipita kwao siongezi mwendo wala sipunguzi, honi sipigi. Akiwa nje ananyoosha mkono, nami nanyoosha. Yudith siku moja alinisimamisha nimpeleke zahanati. Nikampeleka. Tuliongea habari za mvua njia nzima.

Watu wa macho walikuja tena juzi. Nikamtafuta nesi Ruthu. Nikamuuliza, nikijifanya ni swali la kupitisha muda tu, jicho likitolewa pale kwenu linaenda wapi. Akasema linapelekwa maabara kupimwa, ili wajue kama ugonjwa umeisha wote. Baada ya hapo mzazi akitaka kulizika anasema, anapewa, anaenda nalo kwao. Akasema wapo wanaochukua.

Nikamuuliza, "Na ule moshi wa nyuma?"

"Ule wa bandeji na glovu."

Sijawaambia.

Nilimwambia Yudith jicho linachomwa na mabandeji. Hilo nilikosea.